Jibu Lililotangulia Hatua Zake

Shangazi yangu Sarojni alifundisha hesabu miaka thelathini na moja hapa Ba, mji wetu mdogo wa kisiwani. Hadi leo wanaume wazima wenye vitambi wakikutana naye sokoni huficha sigara mgongoni na kusema, "Namaste, Madam." Akiwauliza bei ya bamia hupanga maneno kwanza, maana wanajua atawauliza wameipataje.

Mimi ni mtoto wa kaka yake. Naitwa Shayal, niko mwaka wa kumi na mbili, na nakaa kwake tangu wazazi wangu walipopata kazi ya hoteli kule Denarau. Alipostaafu nilidhani atalima bustani. Badala yake akaajiriwa na kampuni ndogo ya Brisbane inayotengeneza programu ya hesabu. Mwanafunzi anaandika swali, mashine inatoa jibu, na chini ya jibu kuna kitufe kilichoandikwa Onyesha Hatua. Kazi ya shangazi ni kile kitufe. Wanamletea maswali ambayo mashine imeshayajibu lakini haina cha kuonyesha, naye anaandika kanuni za kuonyesha: mstari wa kwanza useme nini, wa pili useme nini, hadi mwisho.

Anaandika kwanza kwa kalamu, kwenye daftari la miraba, kwenye meza ya barazani. Ana sheria moja tu. Hatua moja, badiliko moja. Ukihamisha tatu kwenda ng'ambo, usiguse mabano.

"Mwanafunzi akipotea," husema, "apotee kwa uvivu wake, asipotee kwa haraka yangu."

Kazi yangu mimi ilikuwa kuwa mjinga. Ananipa hatua, nazisoma kama mtu asiyejua kitu, na nikikwama naweka kidole pale. Hapo anapasua mstari mmoja kuwa miwili. Nilikuwa mjinga mzuri sana, alinisifu mara nyingi. Na kwa kuwa hatua zilikuwa pale pale mezani, nilizichukua nikazipeleka shuleni kama zangu. Master Tevita, anayetufundisha hesabu, aliandika chini ya kazi yangu, "Njia iko wazi, hongera," akaisoma mbele ya darasa. Nilitazama viatu vyangu muda wote.

Msimu wa kusaga miwa malori hupita mbele ya nyumba yetu mchana kutwa yakielekea kiwandani. Dereva mmojawapo ni Anko Kopi. Kila mtu humwita hivyo, na mimi nilimwita hivyo tangu nilipoanza kuongea. Hupiga honi mbili akiniona getini. Nilikuwa nimegundua kwamba lori lake likitokea kwenye kona, shangazi hukumbuka kitu jikoni. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane nilikuwa nakagua swali jipya. Ilikuwa ile aina ya hesabu ngumu kuliko zote za mwaka wa mwisho, kutafuta intigrali ya x mara e yenye kipeo x. Nikabonyeza.

"Shangazi, mbona jibu limetangulia?"

"Limetangulia wapi?"

"Limetoka papo hapo. Hatua ndiyo zinakuja sasa hivi, moja moja, kama watu waliochelewa harusi."

"Mtandao huo."

"Mtandao gani? Kama hatua hazijafika, jibu limetoka wapi?"

Akavua miwani. Akisikia swali zuri huvua miwani, hata likimkera.

"Sikiliza. Kuna kufumua na kuna kufuma. Kufumua unapewa kitambaa, unatoa nyuzi. Yeyote anaweza, ni kufuata kanuni. Kufuma unapewa nyuzi, utafute ni kitambaa gani kilizitoa. Hapo ndipo watoto wanalia. Sisi shuleni tunawafundisha njia moja ndefu: gawa nyuzi mafungu mawili, hili lifume, lile lifumue, zidisha, toa, fuma tena."

"Mistari sita. Naijua."

"Mashine haipiti huko. Mashine inazitazama nyuzi inasema, kitambaa cha nyuzi hizi lazima kiwe cha umbo fulani, ila vipimo viwili sivijui, ngoja niviite a na b. Inakisia kitambaa kizima. Halafu inakifumua, inalinganisha na nyuzi ilizopewa. Vipimo vinajitaja vyenyewe. a ni moja, b ni hasi moja. Kwisha."

Nikajaribu kwenye jalada la daftari. Ilitoka kwa mistari miwili. Nilifurahi hadi nikasimama.

"Sasa kwa nini hatufundishwi hii? Na hizi hatua sita ni za nani, kama yenyewe haikuzipita?"

"Ni zangu. Za kukufundisha wewe."

"Lakini kitufe kinasema Onyesha Hatua. Mtu anadhani ni za mashine."

"Hatua ni sahihi, Shayal. Kila mstari ni kweli."

"Kweli, lakini haikupita huko." Nilikuwa nimechangamka, sikutazama uso wake. "Na mwanafunzi je? Tuseme aandike kama mashine. Jibu, na pembeni a moja, b hasi moja, basi. Angepata ngapi?"

Dengu zilianza kunuka kuungua jikoni na shangazi hakwenda. Mimi ndiye niliyekwenda kuzima. Niliporudi alikuwa ameifunga kompyuta na kuweka viganja vyote viwili juu yake.

"Sifuri," akasema.

"Angepata sifuri?"

"Alipata sifuri. Nilimpa mimi."

Ilikuwa miaka ishirini na miwili iliyopita, mtihani wa majaribio wa kidato cha saba, kama ulivyoitwa wakati ule mwaka wa mwisho wa sekondari. Mvulana aliitwa Umendra, mtoto wa mzee Ram Sumer, mkata miwa wa Vaqia. Mvulana wa kimya, wa dawati la nyuma. Swali lilikuwa hilo hilo, x mara e yenye kipeo x. Darasa zima lilishindwa isipokuwa yeye na mtoto mmoja wa dawati la jirani, aliyejaza ukurasa mzima. Umendra aliandika jibu peke yake, na ukingoni kwa penseli, herufi ndogo kama sisimizi: a 1, b −1.

"Unajua nilizisoma vipi zile herufi?" akaniuliza.

"Vipi?"

"Karatasi ya kwanza siku ile ilikuwa ya kuchagua, a, b, c, d. Nikasema hizi ni ishara. Wanapeana majibu. Swali la kwanza a, la pili b. Mwalimu wa hesabu mwenye shahada, naona a na b karibu na jibu sahihi, kichwa changu kinakwenda kwenye wizi." Akafuta meza kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi. "Nilimsimamisha mbele ya wenzake. Nikamwambia, jibu lisilo na hatua ni jibu la kuiba. Nikaandika barua kwa mkuu wa shule."

Mkuu wa shule alisema mtoto aombe radhi, kisha aruhusiwe kufanya mtihani wa mwisho. Mzee Ram Sumer akaona radhi ya ofisini haitoshi. Alikuwa mtu wa mandali, kikundi chetu cha kusoma Ramayan, kitabu chetu kitakatifu, kila Jumanne jioni nyumba kwa nyumba. Akamleta mwanawe mbele ya wasomaji wote, akamwekea mkono juu ya kitabu, na Umendra akaapa kwamba alinakili na hatarudia. Shangazi alikuwepo, amekaa mstari wa mbele. Mtihani wa mwisho Umendra hakuja kuufanya. Alikuwa ameshaingia shambani.

"Na watoto wakampa jina," nikasema. "Kopi."

"Kopi."

Nimemwita mtu yule mwizi tangu nina miaka miwili, naye hunipigia honi.

"Lakini aliapa," shangazi akasema. "Miaka yote nilijiambia hivyo. Aliapa mwenyewe, mkono juu ya kitabu. Nilipoanza kazi hii, nikaona mashine inavyofanya, siku ya kwanza kabisa, nilizikumbuka zile herufi. Siku ya kwanza, Shayal. Ni mwaka na nusu sasa. Nikasema, mbona aliapa."

Kuanzia siku ile nyumba ilibadilika. Jumatatu alimpigia simu Lachlan, kijana anayesimamia kazi yao kule Brisbane, akaomba kuongezwe mstari mmoja juu ya kitufe: jibu hili mashine imelipata kwa njia nyingine, hizi ni hatua za kujifunzia. Nilimsikia Lachlan akicheka kwa upole kwenye spika.

"Madam Saro, nani atausoma huo? Mtoto ana mtihani kesho, anataka hatua, hataki historia."

"Mtoto anadanganywa."

"Anasaidiwa. Tulia, unafanya kazi nzuri."

Jumanne hakwenda mandali. Alisema koo linamuwasha. Yeye ndiye anayeongoza wimbo wa ufunguzi upande wa wanawake, kwa hiyo koo lake lilijadiliwa mtaani wiki nzima. Majirani walileta tangawizi. Jumanne ya pili koo likawasha tena.

"Shangazi, koo haliumwi," nikamwambia.

"Najua koo langu."

"Nenda ukamwambie."

"Nikamwambie nini? Na kama kweli alinakili, nikamfukulie aibu yake bure?"

"Unaamini alinakili?"

"Hapana," akasema. "Naogopa tu kuisikia kwake. Akisema hakunakili, basi aliapa uwongo kwenye kitabu. Na aliyemfikisha pale ni mimi."

Alhamisi aliamka mapema, akapika roti, akazijaza bilinganya ya kuchoma, akazifunga kwenye karatasi. Hakuniita, lakini alisimama getini akichezea komeo hadi nikavaa kandambili.

Foleni ya malori ilikuwa ndefu, imepinda na barabara ya kiwandani. Madereva walikuwa wamekaa kivulini chini ya matela, wengine wanacheza karata, wengine wanazungusha yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, kwenye bakuli la plastiki. Walipomwona shangazi karata zilifichwa, kama vile bado ana fimbo.

"Kopi," mmoja akaita, "una mgeni. Madam amekuja kukusahihishia."

"Mwambie sijamaliza mtihani," sauti ikajibu kutoka juu ya lori.

Wakacheka. Shangazi akasogea hadi kwenye mlango wa lori, akainua uso.

"Umendra."

Mmoja wa wacheza karata akamuuliza mwenzake, "Nani huyo?" Alikuwa anauliza kwa dhati.

Anko Kopi akashuka. Ni mtu mrefu, mwembamba, na masizi ya miwa iliyochomwa yalikuwa yamejaa kwenye mikunjo ya shingo. Akafuta mikono kwenye suruali, akaikunja kifuani.

"Madam."

"Lile swali," shangazi akaanza. "Mtihani wa majaribio. Lile jibu lako, ulilipata..."

Anko Kopi akamtazama. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Madam, hata leo unataka hatua?"

"Hapana. Leo nimekuja na zangu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulikisia umbo la jibu. Ukaweka a na b. Ukalifumua ukalinganisha. Ndizo zile herufi. Mimi nilizisoma kama ishara za kuibia."

Lori la mbele likasogea futi chache. Hakuna aliyepanda kulifuata.

"Nilikwambia siku ile ile," akasema.

"Uliniambia umekisia."

"Nilisema nimekisia halafu nimehakiki. Wewe ulisikia la kwanza."

Shangazi akafunga macho, akayafungua. "Kwa nini uliapa, mwanangu?"

"Baba alisema nisipoapa yeye hataingia tena mandali maisha yake yote. Ungemjua baba, ungejua angetimiza. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nikaweka mkono." Akatazama kiganja chake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa. "Alifariki mwaka juzi. Wiki ya mwisho aliniita kitandani, akaniambia amenisamehe ile aibu. Nikamwambia asante, baba."

Nilitaka kuondoka. Nilitaka pia kusikia kila neno, na hilo lilinitia aibu zaidi.

"Nifanye nini?" shangazi akauliza. "Niambie. Nitafanya."

"Kwangu? Mimi zamu yangu inakaribia." Akashika mpini wa mlango. "Mwambie mama. Ndiye anayekaa na watu wale kila Jumanne. Mimi jina nimelizoea."

Shangazi akampa zile roti. Alizipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akaziweka juu ya dashibodi bila kuzifungua, akawasha injini.

Mama yake, Dhanmati, tulimkuta barazani Vaqia akipepeta mchele. Ni mwanamke mwenye umbo dogo, kipini puani, na hakutukaribisha kukaa hadi aliposikia tumetoka kiwandani kwa mwanawe. Shangazi alimweleza yote. Alipofika kwenye a na b, mama Dhanmati aliendelea kupepeta. Alipofika kwenye kitanda cha mzee Ram Sumer, ungo ukasimama.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama. Nimekukosea."

"Umeniambia mimi," akasema. "Mimi sikumwapisha. Waliosikia lile na wasikie hili."

"Mbele ya mandali?"

"Kwani yeye aliapia wapi, chooni?"

Jumanne ilikuwa zamu ya nyumba ya mwenye duka la mtaani kwetu, kwenye banda lake la mabati. Watu walijaa, habari za koo la Madam zilikuwa zimetembea. Wanawake kwenye mikeka ya kushoto, wanaume kulia, na wengine nje mlangoni wakichanganya yaqona kwa ajili ya baadaye. Kitabu kilikuwa juu ya kibao chake, kimefunikwa kitambaa chekundu. Umendra hakuja. Mama yake alikuja peke yake, akakaa mbele kabisa, kama alivyokaa shangazi siku ya kile kiapo.

Shangazi akasimama kabla ya wimbo. Mikono yake ilikuwa inatafuta chaki.

"Ndugu zangu," akaanza. "Wengi wenu mnajua ninafanyia kazi programu ya hesabu. Sasa, katika hesabu kuna njia mbili za kupata jibu. Ya kwanza..."

Akaeleza ya kwanza. Akaeleza ya pili. Akasema mashine inapita wapi na kitufe kinaonyesha nini. Alikuwa anafanya kama anavyofanya daima, hatua moja, badiliko moja, kila mstari kweli. Watu walikunja nyuso kwa adabu. Mwenye duka akaitikia kwa kichwa kama anayeelewa. Mimi nilielewa kwamba akiendelea hivi atafika mwisho na hakuna atakayejua nini kimesemwa, na nikajikuta naomba moyoni isiwe anafanya makusudi.

"Madam," mama Dhanmati akamkatiza. "Jibu kwanza."

Shangazi akakitazama kile kitambaa chekundu.

"Umendra hakunakili," akasema. "Jibu lilikuwa lake. Mimi ndiye niliyekosea, na kiapo alichoapa mbele yenu alikiapa kwa sababu yangu."

Feni ilikuwa inazunguka juu. Mwanamke mmoja nyuma yangu alivuta pumzi kwa meno.

"Rudia," mama Dhanmati akasema bila kugeuka. "Wale wa nje hawajasikia."

Shangazi akarudia, kwa sauti yake ya darasani, ile iliyokuwa inafika uwanja wa mpira. Nje mkono uliokuwa unakoroga yaqona ukaacha kukoroga.

"Nani hakunakili?" mtu akauliza kutoka mlangoni. "Kopi? Kopi wa lori?"

"Ana jina," mama Dhanmati akasema.

Basi shangazi akasema mara ya tatu, akataja jina la mtoto na la baba yake, Umendra mwana wa Ram Sumer. Alipokaa nilimsogelea, lakini hakunishika mkono. Mwenye duka akafunua kitabu, wakatafuta walipoishia Jumanne iliyopita. Wimbo wa ufunguzi uliongozwa na mwanamke mwingine, aliyeanza juu mno, na wote tukamfuata hivyo hivyo. Shangazi hakuimba.